Naomba ushauri: jina la kanga kwenye gauni la mtoto

Habari za jioni, mafundi wenzangu. Nimepata oda ya magauni manne ya kanga, watoto wa miaka 3 hadi 6, ya kuvaa harusini. Mama mtu anataka pindo la kanga lizunguke chini, mji (ile sehemu ya katikati) ubaki juu. Shida ni jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Doti alizoleta zina fumbo la wake wenza (mnayajua yale), na maandishi yako juu kidogo tu ya pindo, kwa hiyo mtoto atatembea na ugomvi wa watu wazima magotini.

Nimejaribu kulikunjia ndani, gauni likawa fupi. Nikabandika lesi, herufi nyeusi bado zinaonekana. Pindo la upande wa pili halina maandishi, ila nikigeuza kanga, tausi waliochorwa wanasimama kichwa chini! Tena gauni la majaribio lilisinyaa lilipofuliwa, na nyekundu ikaingia kwenye nyeupe.

Naomba kujua: jina mnalificha vipi bila kupoteza pindo? Na kabla ya kukata, mnailoweka kanga kwenye maji ya chumvi au kuna njia bora zaidi? Harusi ni Jumamosi ijayo. Asanteni sana.