Gunia la mabaki ya vitenge limejaa tena, mafundi wenzangu mnafanyaje?

fundi_wa_moro
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani niko Morogoro, nina kifremu changu mwaka wa tatu huu, kazi zangu nyingi ni vitenge, sare za harusi na gauni za kina mama. Shida yangu mabaki. Kila baada ya wiki mbili gunia limejaa, na mwenye fremu ameshanifokea mara mbili maana nilikuwa nachoma kule nyuma moshi unaingia kwake, vile vya poliesta ndo balaa vinanuka plastiki na kuacha madonge meusi. Nikawaza nianze kutengeneza vitu, skranchi (vile vibanio vya nywele vya kitambaa na lastiki), vipochi, labda na gauni zangu mwenyewe za kuuza zinazokatwa bila kubakiza sana. Skranchi nilishona 30 zikaisha kweli, buku buku, ila nilipopiga hesabu ya lastiki na muda niliokaa kwenye mashine nikaona nimejichosha bure. Mnaofanya haya mnaanzia wapi? Na lingine linanikwaza, vile vipande si kitambaa cha mteja, siku akinikuta nauza kipochi cha kitenge chake itakuwaje?

Mama Cherehani
Mdogo wangu kabla ya skranchi hebu niambie kwa wiki unakata solo ngapi, zile sketi za duara? Maana hapo ndo gunia lako linapojazwa. Chukua sketi ya solo nzima kiuno 28 urefu 24, kutoka katikati mpaka ukingo inakuja inchi 28 na nusu, duara zima ni 57 na kitenge upana wake ni 45 au 46, haliingii, kwa hiyo unakata nusu mbili. Zile kona pamoja na tundu la kiuno ni karibu robo ya eneo ulilolipiga chaki, na kile kibanzi cha pembeni cha inchi 16 sijakihesabu. Mteja akitaka sketi ya kuchanua mshawishi marinda, unakata mstatili tu hakuna kona, au sketi ya vipande sita unavipanga kichwa kwa miguu, chembamba cha huyu kinakaa kwenye kipana cha yule.

Ila angalia maua kwanza!! Mimi nilipanga hivyo kwenye kitenge cha tausi, mteja anajigeuza kwenye kioo nikaona tausi watatu wamesimama kwa kichwa. Nilimnunulia kingine kwa hela yangu.

mjukuu_wa_fundi
Dada hizo gauni zisizobakiza mbona ziko siku zote, dera linatupa nini zaidi ya tundu la shingo? Babu yangu alikuwa anashona kanzu Tanga, chini ya mashine yake ukifagia unapata nyuzi tu. Badani, yaani kipande cha mbele na cha nyuma, mistatili, mikono mistatili, taharizi, vile vipande vya pembetatu vya ubavuni, anakata kipande kimoja kona kwa kona zinatoka mbili, na kikwapa kimraba kidogo kinachofanya mtu ainue mkono bila nguo kupanda.

Mimi nimechukua hiyohiyo nikafanya gauni la kitenge yadi 2. Kiloweke kwanza kikauke maana cha pamba kinarudi. Inchi 42 za kwanza pasua katikati upate badani mbili za 22 na nusu, pindo la kiwandani lile halifumuki kwa hiyo ule upande hauhitaji ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo. Zinazofuata inchi 16 kata mikono miwili ya upana 18, pembeni inabaki 9 kwa 16 hapo vikwapa viwili vya 4 na nusu na mfuko. Zimebaki inchi kama 14, igawe kwa urefu iwe mikanda miwili ya 7, ipunguze ifike kwapani, kila mmoja ukate hanamu kona kwa kona, taharizi nne hizo, mbili kila ubavu. Kwenye hizo taharizi ua litalala ubavu, kwa hiyo tafuta kitenge kisicho na juu wala chini. Kifua mpaka 38 anaingia vizuri, kuzidi hapo ongeza kitambaa usimbane mtu.

dogo_mpini
Mie naongelea hilo la mteja maana watu wanatuita wezi kila siku. Kwenye daftari langu la oda nimeweka mstari, mabaki: anachukua / anaacha. Namuuliza palepale nikimpima. Wengi wanaacha, ila akishaulizwa anatulia. Halafu skranchi usiuze mojamoja, sare ya harusi ya watu kumi waambie nawatolea na vipochi na vilemba vya kitambaa hichohicho ongezeni kidogo, hela inaingia kwenye oda na hubaki unamtafuta wa kununua.

Vilivyobaki vichambue. Pamba huku poliesta kule. Vya pamba gereji wanavichukua kufutia oili, poliesta hawaitaki. Hiyo kata vistripu vyembamba chomeka kwenye gunia unapata zulia la kufutia miguu, kazi ya jioni na redio pembeni. Kujaza mito sikushauri, ukijaza mabaki matupu unakuwa kama umelalia matofali.

fundi_wa_moro
Asanteni sana aisee, hilo la daftari nimeanza leo leo. @mjukuu_wa_fundi nimekata lile la yadi 2, kilichobaki kinaingia kiganjani sikuamini. Ila kikwapa kimenishinda bana, kona zimevuta zikafanya mikunjo nimefumua mara tatu.

mjukuu_wa_fundi
Umeshona mpaka mwisho wa kitambaa eeh? Weka alama ya chaki nusu inchi kutoka kila kona, anza kwenye alama uishie kwenye alama, zile ncha ziache huru. Na shona upande mmoja ukate uzi, usigeuze na sindano ikiwa ndani. Mishono ya ubavuni ishone mwisho kabisa.

fundi_wa_moro
Kumbe! Nafumua ya nne.