Mtoto wa haiskuli Marekani akariri maswali 100 au aisome Katiba yenyewe pamoja na madoa yake?

Habari zenu wadau. Niko Phoenix, Arizona mwaka wa tisa sasa, mwanangu wa kwanza anamaliza haiskuli mwaka huu, na kuna jambo limetugawa sisi wazazi wa Kiswahili hapa, nikaona bora tulijadili kwa uwazi maana linawagusa watoto wetu wote wanaokulia huku. Hivi hawa watoto wafundishwe vipi misingi ya serikali ya Marekani?

Kwa asiyejua, Arizona ndio ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria, Januari 2015, kwamba mwanafunzi hamalizi haiskuli mpaka afaulu testi ya uraia, yale yale maswali 100 tuliyokuwa tunayasomea sisi wageni kabla ya kuapishwa. Sheria ilipoanza alitakiwa apate 60, akifeli anarudia mpaka apite. Majimbo mengine yakafuata. Mimi wakati wangu afisa alikuwa anakuuliza maswali yasiyozidi 10 ukipata 6 umepita, basi nilikariri yote 100 kwenye basi nikienda kazini, nikapata sita za mwanzo mfululizo akafunga faili. Nilifurahi sana siku ile, nilipiga simu nyumbani nalia. Ila ukweli ni kwamba nilijua majibu tu, sikujua hata moja limetoka wapi. Na hata Tanzania ilikuwa hivyo hivyo, somo la Uraia tulikariri mihimili mitatu, Serikali, Bunge na Mahakama, nikaandika nikapata alama zangu, hakuna aliyeniambia kwa nini imetenganishwa na inakuwaje mmoja ukimeza mingine.

Sasa wiki mbili zilizopita nimetoka shifti ya usiku nikamkuta dogo mezani na simu, ana programu inayomrushia maswali. Nikaichukua nimsikilize. Sheria kuu ya nchi ni ipi? Katiba, kajibu hata sijamaliza kusoma. Katiba inaanza na maneno gani? Sisi Watu. Nikamuuliza haya, hao watu ni kina nani? Akanyamaza, akaniambia Mama hilo halimo kwenye testi.

Tukaifungua Katiba yenyewe pale pale, mimi na uniforomu yangu ya kazi, chai inapoa. Kifungu cha kwanza, sehemu ya pili, wanaeleza jinsi ya kugawa viti vya wawakilishi kwa majimbo: unahesabu watu huru, halafu unaongeza 3/5 ya "watu wengine wote". Akarudia mara mbili. Mama, watu wengine wote ni akina nani tena, si wameshahesabiwa? Nikamwambia hao ni watumwa, babu zetu, na ukisoma Katiba ya 1787 kuanzia mwanzo mpaka mwisho hulikuti neno mtumwa, wameliogopa. Halafu nikamweleza kitu ambacho wengi wanakielewa kinyume, hata mimi nilikielewa kinyume miaka mingi: waliotaka watumwa wahesabiwe wazima wazima ni wale wenye watumwa, kwa sababu kila kichwa kinawaongezea viti, wakati mwenye kichwa chenyewe hapigi kura. Mtoto alikaa kimya, ile simu akaisukuma pembeni.

Ndio nikalipeleka suala hili kwa wazazi wenzangu jioni moja baada ya sala. Kaka mmoja tunayemheshimu sana akasema dada yangu usiwachanganye watoto, nchi hii imetupokea, wakikariri wakapata cheti wakaenda chuo inatosha, hayo ya utumwa yatawafanya waichukie nchi waliyopewa. Dada mwingine akaja juu kutoka upande wa pili kabisa, akasema Washington rais wa kwanza alimiliki watumwa, Madison mmoja wa walioandika Katiba alimiliki watumwa, kwa nini mtoto wangu mweusi akae asome maandishi yao kama ya mitume, afundishwe kupiga kura na jinsi ya kuongea na polisi basi. Wote wawili nawaelewa, na wote wawili nawapinga, na sababu yangu ni kesi moja ambayo kila mtoto wa haiskuli hapa Arizona angetakiwa aijue kama anavyojua jina lake.

Juni 1964, mji wa Globe, hapa hapa Arizona, mashariki mwa Phoenix. Kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alikamatwa kwa sababu jirani mmoja mama alilalamika amepigiwa simu ya matusi. Mamake alikuwa kazini. Polisi wakamchukua mtoto, hawakuacha ujumbe wala karatasi, mama amerudi jioni anamtafuta mtoto. Kesho yake akafikishwa kwa hakimu, hakuna wakili, hakuna aliyeandika kilichosemwa, na yule mama aliyelalamika hakufika wala siku ya pili hakufika. Hakimu akamhukumu kukaa shule ya watoto wahalifu mpaka atimize 21, yaani mpaka miaka sita. Kosa hilo hilo angelifanya mtu mzima lilikuwa faini ya dola 5 mpaka 50 au jela isiyozidi miezi miwili! Na sheria ya Arizona wakati ule haikumruhusu mtoto kukata rufaa. Wazazi wake wakahangaika mpaka Mahakama ya Juu kule Washington, na Mei 1967 majaji wakasema mtoto naye ana haki ya kuambiwa anashtakiwa kwa nini, ya kuwa na wakili, ya kunyamaza, ya kumhoji anayemshtaki.

Haki hiyo majaji waliitoa wapi? Walisimama kwenye Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya 1868, yanayosema jimbo lisimnyang'anye mtu yeyote uhai, uhuru wala mali bila kufuata utaratibu wa sheria. Na marekebisho hayo yaliwekwa kwa sababu gani? Kwa sababu ya utumwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha, watumwa wameachiwa, na majimbo ya kusini yanatunga sheria za kuwarudisha kwenye hali ile ile. Kwa hiyo kaka yangu ukitoa utumwa darasani umeng'oa mzizi wa haki inayomlinda mwanao mwenyewe akikamatwa leo usiku. Na wewe dada yangu, hilo la kuongea na polisi unalolitaka haliwezi kufundishwa hewani, ile haki ya kunyamaza inasomwa kutoka kwenye karatasi hiyo hiyo. Tazameni neno lenyewe: 1787 waliandika "watu wengine" ili kuficha, 1868 wakaandika "mtu yeyote", hawakusema raia, na sisi tuliokuja bila uraia tumeishi chini ya neno hilo miaka yote.

Hicho ndicho naomba kifundishwe. Wasome vipande vya maandishi yenyewe na ugomvi wake. Kule Philadelphia walioandika Katiba walikaa kuanzia Mei mpaka Septemba 1787, wajumbe 55, milango na madirisha yamefungwa kwenye joto, mwisho wakasaini 39 tu, na Madison alikuwa anaandika kila siku nani kasema nini, maandishi yake yakachapishwa 1840 ameshafariki. Mtoto akisoma jinsi walivyobishana anaona kwamba kila kifungu kina mtu aliyekitaka na mtu aliyekiogopa.

NARUDI, nimesoma michango yenu, asanteni. Mmoja kauliza mtoto wa miaka 16 ataweza wapi Kiingereza cha 1787, tena mwingine ndio kwanza ana miaka miwili nchini. Swali la haki kabisa. Ila Katiba yote ya mwanzo ni kama maneno 4,500 tu, kurasa nne za ngozi, mwalimu achague aya tano watoto wazisome kwa sauti, neno gumu lielezwe, hata kwa Kiswahili kama darasani kuna wetu, mimi nilifanya na wangu kwa saa moja.

Mwingine kasema kukariri nako kuna kazi yake. Sikatai, mtoto ajue maseneta ni 100 na wawakilishi 435, wampe wiki mbili amalize, muda unaobaki wasome.

Na yule aliyerudia kwamba haya yanazaa chuki, naomba nikupe jambo moja la hapa hapa. Wenyeji wa asili wa nchi hii walipewa uraia na Bunge 1924, lakini Arizona ikaendelea kuwakatalia kura kwa hoja kwamba wako chini ya uangalizi kama mtu asiyejiweza. Wanaume wawili wa kabila la Yavapai kutoka Fort McDowell, hapo kaskazini mashariki mwa Phoenix, Frank Harrison na Harry Austin, walienda kujiandikisha wakakataliwa, na Harrison alikuwa ametoka kupigana vita ya pili ya dunia. Wakashtaki, 1948 mahakama ya juu ya jimbo ikawapa haki yao. Nilimsimulia mwanangu, akaniuliza kama pale kijijini kwao tunaweza kwenda kwa gari siku nikiwa ofu. Mimi sikuona chuki hapo.

Alhamisi kuna kikao cha wazazi na mwalimu wake. Nimechapisha karatasi mbili, ile aya ya 3/5 na ile ya Marekebisho ya 14, naenda kumwomba kipindi kimoja tu cha kesi ya Gault kabla ya testi. Wenye watoto Texas, Ohio, Minnesota na kwingineko, hebu mtuambie huko kwenu darasani wanasomaje, na kama kuna aliyewahi kumwomba mwalimu jambo kama hili alijibiwa nini.