Shangingi la mtumba: VX 100, V8 ya 200, au nijikaze hadi 300?

Mkulima wa Mbozi

Wakuu, habari za leo. Nina Hilux ya zamani ambayo imenilea miaka mingi, ila familia sasa ni watu saba na safari ya Mbozi hadi Dar tunaifanya karibu kila mwezi. Nimeamua kununua Toyota Land Cruiser kubwa, la mtumba (80, 100, 200 na 300 ni matoleo yake, la zamani hadi jipya). Machoni ninayo matatu:

1. VX 100 ya 2004, dizeli ya 4.2 yenye tabo, iko Mbeya mjini. Mwenyewe ni mstaafu.
2. 200 ya 2010, petroli ya 4.6, bado iko Japani.
3. 200 ya 2013, dizeli ya V8, ilikuwa ya mradi Dodoma, inauzwa kwa zabuni.

300 naitamani, lakini uwezo wangu hadi sasa haufiki. Fundi wangu alikulia kwenye 1HZ (dizeli ya Toyota isiyo na kompyuta), mashine ya kusoma kompyuta ya gari hana. Kutoka lami hadi shambani kuna kilomita 14 za udongo mwekundu, na Machi ni tope tupu. Naomba ushauri wa watu waliomiliki au waliotengeneza, bei nitajadiliana mwenyewe.

Fundi wa Ilala

Mkuu, nimefungua injini za 80, 100 na 200 kwa miaka mingi, nitaanza na ile ya Mbeya.

Hiyo 4.2 ya 2004 ni 1HD-FTE: silinda sita kwa mstari, valvu 24. Kwangu ndiyo injini bora ya dizeli iliyowahi kuwekwa kwenye gari la familia. Ina umeme kidogo kwenye pampu, lakini fundi wa 1HZ ataizoea, maana ni ukoo mmoja na ujazo ni ule ule wa cc 4164. Usiichanganye na 1HD-T ya 80 za mwanzoni, ile iliyokuwa inasumbua beringi za konodi (mikono ya pistoni).

Mambo matatu ya kukagua. La kwanza ni mkanda wa taimingi. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka kilomita zikifika, na mtu anaweza kuizima bila kubadilisha mkanda. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haukubadilishwa, uweke mpya wiki ya kwanza.

La pili ni gia boksi. Ya 2004, kama ni otomatiki, inapaswa kuwa ya gia tano. Chomoa kijiti cha oili yake, unuse. Ikinuka kuungua, ondoka.

La tatu ndilo linalowaliza wengi: ile suspensheni ya oili inayopandisha na kushusha gari. Washa injini ipate moto, pandisha gari hadi juu kabisa, fungua boneti usome kiwango cha oili kwenye kopo lake. Kisha shusha hadi chini usome tena. Kopo lina mistari. Tofauti ikiwa mistari kama 14, vile vitufe vya gesi (matufe ya chuma yanayolainisha mishtuko) ni vizima. Ikishuka hadi 7 au pungufu, gesi imekwisha na gari litakurusha kama mkokoteni. Wengi hung'oa mfumo wote na kufunga springi na shokapu za kawaida. Inawezekana, ila fundi lazima aguse na toshen baa za mbele, asibadilishe nyuma peke yake.

Na kwa faida ya wanaotafuta 100 za 1998 na 1999: difu ya mbele ya miaka hiyo ni dhaifu kwenye tope. Zilizofuata ziliimarishwa.

Mama wa Nyasaka

Ndugu yangu, mimi nina 200 ya petroli, 4.6, mwaka wa sita sasa hapa Mwanza. Kwa utulivu barabarani sijaona mfano wake. Mwanza hadi Dodoma watoto wanalala usingizi mzito, na mimi nashuka mgongo haujauma. Injini ina cheni, mkanda wa taimingi nimeusahau. Nilichobadilisha kikubwa ni pampu ya maji. Ukimulika tochi pale mbele ukaona ukoko wa rangi ya waridi, ndiyo kulanti ya Toyota (maji ya kupoza injini) inavuja polepole. Rejeta nayo iangalie mshono wa juu wa plastiki.

Kinachonitoa jasho ni mafuta. Mjini napata kilomita tano kwa lita, safari ndefu saba nikiendesha kwa adabu. Usiamini atakayekwambia kumi.

Lakini hiyo ya Japani ya 2010, fanya hesabu ya TRA (mamlaka ya mapato) kwanza, tafadhali. Gari lililozidi miaka kumi lina ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Mimi nilinunua iliyokwishalipiwa, ipo barabarani na namba za hapa, nikaokoa pesa nyingi.

Mkulima wa Mbozi

Dada, asante sana. Nimeingiza kwenye kikokotoo cha TRA, kodi imekaribia bei ya gari lenyewe. Ya Japani naiacha. Je, Japani nikitafuta 200 ya dizeli ya mwaka wa karibuni?

Fundi wa Ilala

Hutaipata, mkuu. Toyota haikuuza 200 ya dizeli ndani ya Japani, zilikuwa petroli tu. Ukiona tangazo la "200 dizeli kutoka Japani", uliza gari lilifikaje huko. Za dizeli usukani wa kulia zinatoka Uingereza, Australia, au ziliuzwa mpya huku kwetu kwa miradi na serikali.

Dereva wa Zamani wa Mradi

Niliendesha 200 ya dizeli miaka saba, Dodoma, Singida na Manyara. Nguvu zake huzisikii kwa sababu hazipigi kelele. Injini ni 1VD, V8 ya 4.5 yenye tabo mbili, na zile zenye matangi mawili zinabeba lita 138. Kondoa kwenda na kurudi sikuwahi kutafuta sheli.

Adui yake ni vumbi. Boksi la chujio la hewa lisipofunga sawasawa, vumbi linapita pembeni na kusaga silinda taratibu. Kabla ya kuandika zabuni, legeza bomba linalotoka kwenye chujio, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, usiguse gari hilo hata likiwa rahisi kiasi gani. Pili, nozeli ziko nane na hazipendi dizeli ya kwenye madumu. Ukinunua, ongeza chujio la pili la mafuta. Fundi wako atahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari, hilo halikwepeki.

La kodi nalisisitiza: magari mengi ya miradi yaliingia kwa msamaha. Likihamia kwako, kodi inadaiwa. Nilimwona mtu mzima analia kwa jambo hili. Soma masharti ya zabuni yanasema nani analipa.

Kijana wa Likoni

Ndugu zangu, za Uingereza zikishuka bandarini Mombasa zinang'aa juu, chini zimeliwa na chumvi ya barabara za baridi. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesesi karibu na ekseli ya nyuma. Kwetu Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii, kwa hiyo 100 zote zilizobaki ni za wenyewe hapa, na hawaziachii kirahisi.

Mdau wa Muscat

Mkulima, shemeji yangu ana 300. Ilitoka 2021, V8 ikaachwa: petroli mpya ni V6 ya 3.5 na dizeli ya 3.3, zote tabo mbili, gia kumi. Ni nyepesi kuliko 200 kwa kilo kama 200, na kwenye mchanga unalihisi hilo. Ila ni changa. Marekani mwaka 2024 Toyota iliyaita tena magari ya Tundra na Lexus LX yenye hiyo petroli ya V6, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosalia kwenye injini kiwandani. Waache wenye pesa waizoee kwanza. Na za huku Ghuba usukani uko kushoto, msishawishike na picha.

Mkulima wa Mbozi

Wakuu, mrejesho. Ya mradi nimeiacha: masharti yanasema kodi yote kwa mnunuzi, na kidole changu kilitoka chekundu.

Jana alfajiri nilienda Mbeya kabla mzee hajaiwasha. Niliikuta injini ya baridi, ikashika mara moja, moshi mweupe kidogo ukapotea. Gia boksi hainuki. Risiti ya mkanda anayo, ya kilomita 11,000 zilizopita. Suspensheni nimehesabu mistari 8, kwa hiyo vitufe vimechoka. Nimemwonyesha, tumekaa kibarazani tukahesabu pamoja gharama ya vitufe vinne, naye amekubali kuikata kwenye bei. Jumatatu tunakwenda kubadilisha jina kwenye kadi.

Fundi wa Ilala, vitufe vipya naomba unielekeze duka la kuaminika Kariakoo, nisije nikauziwa vya kupakwa rangi.