Uhamisho wa Jose na Neema kwenda Dodoma (kikundi cha ukoo)

Mama Jose: Shikamooni wakubwa. Baba Jose kahamishiwa Mtumba, Dodoma, anaripoti Agosti 1. Jose yuko la nne, Neema la pili, wote shule ya serikali hapa Nyamagana, Mwanza. Nikachukue uhamisho kwanza?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Anza na nafasi. Mwalimu mkuu wa Dodoma akubali kwa maandishi, na mhuri, kwamba darasa la pili lina nafasi. Ukidai uhamisho bila karatasi hiyo utarudishwa ukaitafute.

Mjomba: Na kabla ya shule, nyumba. Watu wanamwandikisha mtoto Ihumwa eti ni karibu na ofisi ya baba, kumbe wamepanga Nkuhungu, upande wa pili wa mji. Mtoto wa la pili agombanie daladala alfajiri na makonda mnaowajua!

Mama Jose: Tunaangalia Nzuguni.

Shangazi: Basi iwe shule ya kutembea kwa miguu. Usiulize kwa simu, utajibiwa imejaa. Nenda mwenyewe saa tatu asubuhi, vipindi vimeshaanza, ukiwa na ripoti ya mtoto na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Uliza la pili lina mikondo mingapi na kila mkondo watoto wangapi. Ikishindikana, Afisa Elimu Kata anajua shule ipi jirani ina nafuu.

Dada Rehema: Ukishapata nafasi, mwalimu mkuu wa huku anajaza fomu, Afisa Elimu Msingi wa halmashauri anaidhinisha, na kwa kuwa mnavuka mkoa, inapita na mkoani. Kila ukurasa ukigongwa mhuri, upige picha palepale.

Ila mdogo wangu, karatasi peke yake hazimhamishi mtoto. Kuna PREM, mfumo wa kompyuta wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa kumbukumbu za wanafunzi: shule ya huku imtoe, ya kule impokee. Asipotolewa atasoma Dodoma huku jina lake liko Mwanza, na mtakuja kugundua siku ya kusajili mtihani. Usipande basi kabla hujamuuliza mwalimu mkuu, "Umeshamhamisha kwenye PREM?"

Mama Jose: Hiyo namba ya PREM naipata wapi dada?

Dada Rehema: Kwa mwalimu wa darasa. Ina tarakimu 11 na inaanza na mwaka. Usiichanganye na ya mtihani, ile inaanza na PS. Halafu linganisha majina yote matatu na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Likikosewa hata "h" moja, lirekebishwe shule aliyopo sasa. Mwalimu wa kule hana kumbukumbu za kuanzia.

Mjomba: Na Jose? La nne si wana upimaji wa taifa?

Dada Rehema: Hapo ndipo penyewe. Upimaji huwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na jina lake limeshaingia kwenye orodha ya watahiniwa wa shule ya huku. Ukimhamisha Agosti unampeleka shule ambayo orodha yake haimjui. Neema aende sasa, Jose abaki afanye mtihani, ahame Desemba, Januari aanze la tano kule. Nafasi ya la tano uiombe safari hiihii.

Mjomba: Angekuwa la saba ndiyo kabisa. Akifanyia mtihani Mwanza, anapangiwa sekondari ya Mwanza.

Bibi: Jose aje kwangu. Aje na godoro lake.

Mama Jose: Asante bibi 🙏 Sare na michango je?

Shangazi: Shati jeupe na sketi ya bluu ni zilezile. Sweta usinunue Mwanza, kila shule ina rangi yake. Lakini ukishajua shule usichelewe kulinunua, upepo wa asubuhi Dodoma si mchezo. Ada hakuna. Chakula cha mchana wazazi wanakubaliana kikaoni, na si sharti la kumpokea mtoto. Ukiambiwa utoe chochote ndipo upewe nafasi, omba stakabadhi ya serikali, utaona mazungumzo yanavyobadilika 😄

Mama Jose: Jamani, nimetoa cheti cha Neema sasa hivi. Cheti kinasema Neema, ripoti ya shule imeandikwa Nehema 🤦🏾‍♀️

Dada Rehema: Kesho asubuhi uwe shuleni na cheti halisi, si nakala. Muombe mwalimu akufungulie mfumo uone lilivyoandikwa mle.