Wasifu wa László Szigeti wa Slovakia: miezi mitano ya uwaziri au miaka saba na zaidi ya unaibu?

Rasimu_ya_Kwanza

Wakuu, naandaa makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu László Szigeti, Mhungaria wa Slovakia aliyekuwa Waziri wa Elimu wa nchi hiyo mwaka 2006 kwa tiketi ya SMK, chama cha Wahungaria wa huko. Rasimu ipo, ila kuna mambo yananikwaza.

Kabla ya uwaziri alishika cheo ambacho kwa Kislovakia huitwa štátny tajomník, yaani, neno kwa neno, "katibu wa dola". Niandike Katibu Mkuu? Halafu uwaziri wenyewe haukufika nusu mwaka. Nikiujengea wasifu mzima inabaki mifupa mitupu. Pia kila anapotajwa, kinatajwa Chuo Kikuu cha Selye, chuo cha Kihungaria cha mjini Komárno. Je, ni sawa kusema yeye ndiye mwanzilishi? Na majina nayo yananichanganya: Komárno au Komárom, SMK au MKP?

Karani_wa_Bunge

Katibu Mkuu usiandike, utampotosha msomaji. Kwetu Katibu Mkuu ni mtendaji mkuu wa wizara, mtumishi wa umma. Štátny tajomník ni mwanasiasa: huteuliwa na baraza la mawaziri kwa pendekezo la waziri, humwakilisha waziri asipokuwapo, na serikali ikianguka naye anaondoka nayo. Tafsiri inayokaa vizuri ni Naibu Waziri.

Kuna jambo moja usilisahau kulieleza. Katika serikali za mseto za Slovakia naibu mara nyingi hutoka chama kingine na si chama cha waziri wake. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Szigeti aliingia wizarani 1998, na mawaziri wakapita mbele yake: Milan Ftáčnik, kisha Peter Ponický kwa miezi michache ya 2002, kisha Martin Fronc wa chama cha Kikristo cha KDH. Yeye akabaki, akisimamia elimu ya jamii za wachache. Wasifu wako ujengwe juu ya miaka hiyo saba na zaidi.

Uwaziri aliupata Februari 2006 kwa sababu isiyohusu shule hata kidogo. KDH ilijitoa serikalini baada ya mvutano juu ya mkataba na Vatikani kuhusu haki ya mtu kukataa jambo kwa sababu ya dhamiri yake. Fronc akaondoka na chama chake, uchaguzi ukafanyika mapema kuliko ratiba, Juni 17, na Szigeti akaishika wizara mpaka serikali ya Robert Fico ilipoapishwa Julai 4. Ukiandika "aliongoza mageuzi ya elimu akiwa waziri", mhariri yeyote makini atakurudishia. Muda huo ulitosha kuendesha wizara tu.

Majina: Kihungaria hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo kwenye maandiko yao utamkuta kama Szigeti László. Sisi tuandike László Szigeti. SMK na MKP ni chama kimoja, kifupisho cha Kislovakia na cha Kihungaria. Komárno ni mji wa upande wa Slovakia. Wahungaria huuita Komárom, lakini ng'ambo ya mto Danube, ndani ya Hungaria, kuna mji mwingine unaoitwa Komárom. Mpaka uliochorwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndio uliotenganisha kingo hizo mbili. Andika Komárno, ukitaja jina la Kihungaria mara moja tu, mwanzoni.

Hesabu_za_Viti

Naongezea la chuo kikuu, maana hapo ndipo wengi wanakosea.

Chuo Kikuu cha Selye kiliundwa kwa Sheria namba 465 ya 2003, kikafungua milango 2004 pale Komárno kikiwa na vitivo vitatu: uchumi, ualimu na teolojia ya Kanisa la Reformed. Ni chuo cha umma, kinalipiwa na bajeti ya dola ya Slovakia, na lugha kuu ya kufundishia ni Kihungaria. Jina ni la János Selye, mwanasayansi maarufu wa utafiti wa msongo, aliyekulia mji huo. Rekta wa kwanza alikuwa Sándor Albert. Muswada ulikuwa wa serikali na ulitokana na makubaliano ya vyama, kwa hiyo "mwanzilishi" ni neno kubwa mno kwa mtu mmoja. Andika kwamba Szigeti alikuwa naibu waziri aliyebeba jambo hilo wizarani kwa niaba ya SMK.

Jiulize hivi: SMK ilikuwa serikalini tangu 1998, mbona chuo kikaja 2003? Jibu lipo kwenye viti. Bunge la Slovakia lina wabunge 150. Mwaka 1998 mseto wa vyama vinne ulikuwa na viti 93: SDK 42, SDĽ 23, SMK 15, SOP 13. Toa SMK, wanabaki 78, bado ni wengi. Maana yake wenzao waliweza kuahidi na kuahirisha, na serikali isitikisike. Mwaka 2002 hali ikageuka: SDKÚ 28, SMK 20, KDH 15, ANO 15, jumla 78. Toa SMK, wanabaki 58. Hapo serikali ilikuwa haiwezi kupitisha hata bajeti bila kura za Wahungaria, na ombi lile lile la miaka minne likawa sheria ndani ya takribani mwaka mmoja. Mwanasiasa wa jamii ya wachache anaweza kuwa na hoja nzito namna gani, lakini kama kura zake si za lazima, hoja inakaa kwenye jalada.

Njia ya awali ilikuwa nyingine: kitivo cha Kihungaria ndani ya chuo kikuu cha Nitra, mahali ambapo walimu wa shule za Kihungaria walikuwa wakisomea. Huko kizuizi kilikuwa seneti ya chuo. Vyuo vikuu vina mamlaka yao ya ndani, na waziri hawezi kukiamuru chuo kiunde kitivo. Kitivo cha Masomo ya Ulaya ya Kati kilipatikana Nitra mnamo 2003. Chuo kipya kinachoundwa kwa sheria ya Bunge hakina seneti ya kukikataa. Ndiyo maana ikachaguliwa Komárno.

Rasimu_ya_Kwanza

Asanteni sana, hesabu ya viti imenifumbua macho na itaingia kwenye makala. Sasa nisaidieni kwa shule zenyewe. Hiyo "elimu ya wachache" aliyoisimamia, kwa vitendo ilikuwa nini? Sitaki kuandika "alitetea haki za elimu" halafu nikaishia hapo.

Ubao_na_Chaki

Sawa, sentensi hiyo haimwambii msomaji kitu. Weka mambo matatu.

Anza na cheti cha mwanafunzi. Zamani mtoto wa shule ya Kihungaria alipewa ripoti ya lugha mbili: kichwa cha karatasi kimeandikwa Vysvedčenie na Bizonyítvány, majina ya masomo kwa Kislovakia na Kihungaria, alama kuanzia 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Chini ya Vladimír Mečiar, waziri mkuu hadi 1998, wizara ikaamuru Kislovakia peke yake. Familia zikagoma, walimu wakuu waliokaidi wakafukuzwa. Marekebisho ya kurudisha lugha mbili yalipitishwa 1999, Szigeti akiwa tayari naibu waziri. Kwa mtu wa mbali karatasi hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotundikwa ukutani nyumbani, na bibi asiyesoma Kislovakia anataka kuona mjukuu wake kafaulu somo gani. Wasifu ukikosa jambo hili umekosa moyo wake.

La pili ni fedha, na hapa usimpambe. Kuanzia 2004, kwa Sheria namba 597 ya 2003, shule za Slovakia hulipwa kwa kichwa cha mwanafunzi, kwa hesabu inayopigwa Septemba 15. Wakati huo shule za msingi zilikuwa zimeshahamishiwa kwa halmashauri. Kusini mwa nchi vijiji vingi vya Wahungaria vina shule ndogo. Chukua darasa la watoto 9 na darasa la watoto 24: mwalimu ni mmoja, mshahara ni ule ule, chumba kinapashwa joto majira ya baridi kwa gharama ile ile, lakini fedha zinazoingia kwa darasa dogo ni chini ya nusu. Kanuni ziliongeza kiwango kwa shule ndogo, na pia kwa shule zinazofundisha kwa lugha ya wachache, kwa kuwa mtoto anasoma lugha yake pamoja na Kislovakia na vipindi vinazidi. Nyongeza hupunguza maumivu, haiyaondoi. Wahungaria nao wanapungua: sensa ya 2001 iliwahesabu 520,528, ya 2011 ikawahesabu 458,467. Sheria hiyo ni ya serikali ambayo SMK ilikuwa ndani yake, kwa hiyo ukisifu chuo kikuu utaje na hili. Wazazi wa vijijini walilihisi kabla ya kufikiria chuo.

La tatu ni vitabu, nalo ni la kipindi ambacho SMK ilikuwa upinzani. Mwaka 2008, chini ya Waziri Ján Mikolaj wa chama cha kizalendo cha SNS, kilitoka kitabu cha maarifa ya nchi cha darasa la nne kwa Kihungaria, lakini majina ya miji ndani ya sentensi yako kwa Kislovakia. Mtoto anayekaa Dunaszerdahely anakutana na Dunajská Streda. Majina yote mawili yana neno "Jumatano", siku ya gulio la mji ule. Mtoto anayajua yote mawili. Shida iko kwenye sarufi. Kihungaria hutia viambishi mwishoni mwa neno: "mjini Komárom" ni Komáromban. Ukichomeka jina la Kislovakia katikati, kiambishi kinakosa pa kushika, na mtoto wa miaka 10 anayejifunza kusoma anafundishwa sentensi isiyosemwa na mtu yeyote. Shule zikakataa kuvitumia, na mwaka 2009 sheria ikabadilishwa ili jina liandikwe kwa lugha zote mbili.

Karani_wa_Bunge

Nyongeza mbili za haraka kabla hujachapisha.

SMK ilizaliwa 1998 kwa kuunganisha vyama vitatu vya Kihungaria kwa sababu serikali ya Mečiar ilibadilisha sheria ya uchaguzi: kila chama ndani ya muungano kilitakiwa kipate asilimia 5 peke yake. Usiandike kwamba waliungana kwa mapenzi tu. Na 2009 Béla Bugár, mwenyekiti wake wa zamani, alipotoka na kuunda chama cha Most-Híd, kura zikagawanyika; Juni 2010 SMK ikapata asilimia 4.33 na kukosa Bunge. Hapo ndipo wabunge wake wote walipoondoka.

La pili: yupo László Szigeti mwingine, mchapishaji wa vitabu wa Bratislava aliyeanzisha shirika la Kalligram. Ni watu wawili tofauti. Picha na viungo vyao huchanganywa mara kwa mara, hivyo hakikisha kisanduku cha taarifa kinaelekea kwa mwanasiasa, na juu kabisa weka mstari wa kutofautisha majina.

Rasimu_ya_Kwanza

Picha niliyokuwa nimeweka ilikuwa ya mchapishaji. Nimeitoa.