Mjadala: Je, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vitolewe bila cheti cha daktari?

Naleta hoja hii mbele yenu kwa sababu kila inapojitokeza watu huijibu kwa hasira kabla ya kuielewa. Je, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wengi huviita P2, vipatikane kwa yeyote anayevihitaji, au vibaki kutolewa kwa cheti cha daktari? Wapo wanaosema kuviachia ni kubariki ngono zembe, na wengine huenda mbali zaidi wakasema ni kuua kiumbe. Wapo pia wanaosema mwanamke avipate saa yoyote bila kuulizwa lolote. Mimi ni mfamasia, na msimamo wangu ni kwamba cheti kiondolewe, ila maelezo ya mtoa dawa yawe ya lazima.

Nianze na dai la kuua, maana ndilo linaloziba masikio. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, ilhali yai likishatoka kwenye ovari huishi kwa takriban siku moja tu. Ndiyo kusema mara nyingi mimba haitungwi palepale baada ya tendo, bali mbegu hulisubiri yai. Kidonge cha levonojestreli, dawa iliyomo katika P2, miligramu 1.5, hufanya kazi katika kipindi hicho cha kusubiri: huizuia au kuichelewesha homoni inayoliamuru yai litoke, hata mbegu zikafa kabla yai halijafika. Yai likiwa limekwisha kutoka, kidonge hicho hakina la kufanya, na mimba ikiwa imekwisha kujishikiza, hakiitoi wala hakimdhuru mtoto. Desemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa hiyo yarekebishwe, ikaondolewa kauli kwamba huenda inazuia yai lililorutubishwa kujishikiza kwenye mji wa mimba, kwa kuwa ushahidi haukuiunga mkono. Ninamheshimu anayepinga utoaji mimba kwa imani yake, na kwa heshima hiyohiyo namwomba aone kwamba kidonge hiki hakimo katika ugomvi huo.

Suala la cheti kwangu ni suala la saa. Levonojestreli hufaa zaidi kadiri inavyomezwa mapema, hasa ndani ya saa 72; Shirika la Afya Duniani linakubali itumike hadi siku ya 5, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyosonga. Ulipristali, kidonge kingine cha dharura, miligramu 30, huhimili vizuri zaidi hadi saa 120. Sasa chukueni mwanamke ambaye kondomu imepasuka Ijumaa saa tano usiku, na daktari anapatikana Jumatatu saa tatu asubuhi. Saa 58 zimekwisha kabla hajafika hata kwenye foleni, na katika saa hizo yai linaweza kutoka. Ufaransa iliondoa sharti la cheti mwaka 1999 na Ujerumani mwaka 2015. Marekani ilianza mwaka 2006 kwa wenye miaka 18 na zaidi, na mwaka 2013 ikaondoa kikomo cha umri kwa levonojestreli.

Hofu ya ngono zembe siipuuzi, kwa kuwa ni hofu ya wazazi. Hata hivyo imekwisha kupimwa. Katika nchi kadhaa wanawake walipewa vidonge wakae navyo nyumbani kabla ya dharura, wakalinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Waliopewa hawakuongeza ngono isiyo na kinga wala magonjwa ya zinaa. Lakini ukweli una upande wa pili, ambao watu wa msimamo wangu huupita haraka: idadi ya mimba katika kundi zima haikupungua pia. Kidonge humfaa mtu aliye na dharura yake siku hiyo, ila hakiwezi kuchukua nafasi ya uzazi wa mpango wa kila siku, na anayekimeza kila wiki anastahili kuambiwa kwamba sindano au kipandikizi kingemlinda vizuri zaidi. Anastahili pia kuambiwa habari za kitanzi cha shaba, ambacho kikiwekwa kwenye mji wa mimba ndani ya siku 5 baada ya tendo huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99 na huendelea kukinga kwa miaka. Inanisikitisha kwamba wanaoambiwa ni wachache.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba maelezo ni kisingizio cha kumhoji mteja. Nawaelewa, kwa sababu nimeyasikia maswali hayo, umeolewa, una miaka mingapi, mama anajua, yakiulizwa kwa sauti inayowafikia wote waliosimama nyuma. Lakini siku moja mwanamke alinipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa jina la kidonge tu. Alipofungua mkoba kutafuta pesa nikaona pakiti ya dawa za kifua kikuu. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ni zake, akaitikia kwa kichwa. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hulifanya ini liivunje levonojestreli upesi kuliko kawaida. Efavirenzi, dawa ya VVU, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya vivyo hivyo. Kwa mtu wa aina hiyo kitanzi cha shaba ndicho bora, na kisipopatikana hupewa dozi maradufu, miligramu 3. Pale halikuhitajika ila swali moja, tena la siri.

Na yako mengine ya kumwambia, yasiyozidi dakika tatu. Akitapika ndani ya saa 2 arudie dozi. Hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa, na ikipita siku 7 bila kuonekana apime mimba. Kidonge cha leo hakimkingi kwa tendo la kesho. Hakimkingi na VVU pia, na kama ana hofu hiyo, dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72 na kutumiwa kwa siku 28, hivyo saa hizohizo ni za thamani mara mbili.

Linaloniumiza kichwa ni umri. Msichana wa miaka 13 akisimama mbele ya kaunta, huenda nyuma yake kuna mtu mzima aliyemwingilia kwa nguvu. Kumuuzia kimyakimya ni kumwacha mikononi mwa mtu huyo, na kumfukuza ni kumrudisha kwake akiwa na hatari ya mimba juu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba aliyefanyiwa ukatili wa kingono apewe kidonge ndani ya siku 5. Kwa maoni yangu apewe kwanza, ameze palepale na maji, kisha aketishwe faraghani na mtu anayejua kusikiliza na anayejua wapi pa kumpeleka.

Wanaotaka cheti kibaki, naomba waanzie kwa msichana huyo: daktari atakayemwandikia yuko wapi usiku huo, na ni nani atakayempeleka?