Barua ya uzoefu kutoka Iringa imekataliwa: nani anajua utaratibu?

Mnyalukolo, Minneapolis

Kamwene wote. Shikamooni wakubwa.

Nimepata kazi, na sasa inataka kuniponyoka. Ni nafasi ya ofisa wa wasia kwenye mfuko wa hospitali moja hapa. Unakaa na wazee wanaotaka kuachia hospitali sehemu ya mali yao wakishafariki, unawaelewesha habari za annuity (malipo ya kila mwaka maisha yote), trust (mali inayoshikwa na wadhamini) na IRA (akaunti ya akiba ya uzeeni), halafu unakuwa nao miaka na miaka bila kuwasumbua. Naipenda kazi hii kuliko zote nilizofanya. Iringa nilishika dawati la wafadhili la hospitali ya kanisa kwa miezi 30, na hapa nina miezi 8 kama msaidizi.

HR, ofisi ya ajira, wamenirudishia barua ya uzoefu. Simu iliyoandikwa juu ya barua haipokelewi, barua pepe inarudi. Nikawaonyesha muhuri: wa duara, wino wa zambarau, sahihi ya katibu imepita juu yake. Yule dada akageuza karatasi nyuma na mbele, akaniuliza, "Hii alama ni ya nini?" Nilikosa jibu. Kwetu muhuri ndiyo barua yenyewe.

Bila ile miezi 30 sifikishi 36 inayotakiwa na CFRE, cheti cha kitaalamu cha wachangishaji fedha, na HR watanianzishia daraja la msaidizi na mshahara wake. Wamenipa hadi Ijumaa. Nauliza mawili: nani alishathibitishiwa kazi aliyofanya nyumbani Tanzania, na kwa njia gani? Na CFRE wanahesabu miezi ya Tanzania?

Mzee wa Tukuyu, Leicester

Marahaba mwanangu, na hongera. Yalinikuta hayohayo na cheti changu cha ualimu, enzi hizo ENIC, ofisi ya kutathmini vyeti vya nje, ikiitwa NARIC. Nilisubiri miezi, nikasafisha maofisi usiku, na cheti kimo kwenye begi. Usikate tamaa.

Hiyo kazi ya wasia huku ina heshima kubwa. Mali ya marehemu ikizidi pauni 325,000, serikali inachukua asilimia 40 ya kinachozidi. Ila ukiachia mashirika ya hisani sehemu ya kumi au zaidi, kodi inashuka hadi 36. Kwa hiyo watu wanaandika wasia mapema. Waambie HR watake tathmini rasmi.

Binti Makambako, Houston

Shikamoo Mzee. Lakini dada yuko Minnesota. ENIC ni ya Uingereza, tena inatathmini vyeti vya masomo, siyo barua za kazi. Mtu ana siku nne, tusimpoteze.

Dada, hata hilo daraja la msaidizi ushukuru kwamba ni mshahara. Mimi shirika moja dogo hapa liliniita, wakataka wanilipe asilimia kumi ya nitakachochangisha, bila mshahara. Nilikaribia kusaini, kodi ya nyumba ilikuwa imenifika shingoni. Mwenzangu wa kazini akanionyesha kanuni za maadili za AFP, chama cha wachangishaji fedha: mwanachama hapokei malipo ya asilimia ya michango. Bonasi inaruhusiwa ikiwa iko kwenye utaratibu wa taasisi na haihesabiwi kwa asilimia. Nilikataa. Ukilipwa asilimia utamkaba bibi wa miaka 85 aandike leo, na kesho hakuamini tena.

Mzee wa Tukuyu, Leicester

Marahaba. Sikusema aende ENIC. Nimesema tathmini rasmi. Mtu asome kwanza ndipo ajibu.

Baba wa Mafinga, Saint Paul

Jamani, taratibu. Dada, kazi hiyo usiiache, na nitakwambia kwa nini.

Kanisani kwetu hapa kulikuwa na bibi mmoja, mjane wa mkulima. Alikwenda Iringa mara moja tu kwa ushirika wa Bega kwa Bega, ule unaounganisha sharika za Sinodi ya Saint Paul na za Dayosisi ya Iringa ya KKKT. Aliporudi alibandika kwenye friji picha ya zahanati ya kijiji, bati la bluu, akina mama wamekaa kwenye benchi na watoto mgongoni. Kila nikipeleka maziwa alinionyesha yuleyule mama wa kitenge cha njano, akiniuliza kama mtoto wake amekua.

Akaiandika ile zahanati kwenye wasia. Aliandika jina alilolisikia kule, jina wanaloliita wanakijiji. Alipofariki msimamizi wa mirathi akatafuta chombo cha kisheria chenye jina hilo, hakukipata. Mimi nikapiga simu huko nyumbani mpaka vocha zikaniishia. Kumbe zahanati haina usajili wa peke yake. Mwenye mali ni Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa, ile inayosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kutafuta nakala ya hati ya wadhamini na barua ya kueleza kwamba zahanati ni yao kulichukua karibu miaka miwili, na wapwa wa marehemu walishaanza kupinga. Fedha ilifika, lakini wakili alikula sehemu yake.

Angekuwepo mtu mmoja anayejua RITA na anayeijua IRA, ingekuwa kazi ya mchana mmoja. Mtu huyo ni wewe.

Binti Makambako, Houston

Baba, umegusa IRA. Watu wakumbuke: mwenye miaka 70 na nusu anaweza kutoa mchango moja kwa moja kutoka IRA bila kulipa kodi ya mapato, kwa 2025 mwisho ulikuwa dola 108,000. Lakini iende kwa shirika la hisani la hapa, lenye hadhi ya 501(c)(3). Ukimwambia apeleke moja kwa moja zahanati ya Kilolo, umemwingiza kwenye kodi.

Baba wa Mafinga, Saint Paul

Sikusema IRA iende Kilolo, dada. Ya bibi ilikuwa wasia wa akiba ya benki.

Mama Kyela, Columbus

Ugonile nyote. Mmeniliza na hilo benchi. Mimi nilizalia kwenye zahanati kama hiyo, mvua inapiga bati hadi nesi anapiga kelele ili nimsikie. Leo hapa nje ni theluji tupu, na Iringa sasa hivi watu wanagema ulanzi.

Mimi nimeandika wasia wangu mwaka jana. Mawazo yangu yalikuwa kiwanja changu cha Uyole kijengwe wodi. Nikaambiwa tangu nichukue uraia wa huku, mimi si raia wa kule, na asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi ila ya uwekezaji. Kiwanja nilichokilipia kwa zamu za usiku!

Mwana wa Mwanjelwa, Seattle

Mama, ndiyo maana tunasema uraia pacha. Sheria ya Uraia inayotukatalia ni ya 1995, wajumbe wa serikali wanakuja wanatuhesabia fedha tunazotuma, halafu wanatupa hadhi maalumu. Hadhi si uraia. Mtu anayejenga wodi kwao haombi hisani.

Mzee wa Tukuyu, Leicester

Hapo kijana umenena. Ila na sisi tuandike majina kamili ya bodi zetu, tusisubiri serikali.

Mnyalukolo, Minneapolis

Asanteni wote. Baba wa Mafinga, nimesoma habari za yule bibi mara tatu.

Ijumaa ni keshokutwa. HR wamekubali kitu kimoja: katibu akiandika kutoka barua pepe ya ofisi, au akipokea simu yao, watahesabu. Katibu amebadilishwa, na wa sasa hanijui. Faili langu liko kabati la chini, chumba cha pili ukiingia, nililipanga mwenyewe. Kuna aliye na mtu Iringa mjini?

Baba wa Mafinga, Saint Paul

Mdogo wangu yuko Ipogolo, ana pikipiki. Sasa kwetu ni saa nne usiku, kwao saa moja asubuhi. Nampigia sasa hivi. Nitumie jina lako kama lilivyo kwenye faili, na mwezi ulioanza kazi.